Mafuta Mekundu ya Wapagazi

Niinueni. Si hivyo, Selemani, mimi si gunia la karanga; shika bega, weka mto mgongoni, basi, hapo hapo. Sasa fungueni mlango wa uani na ule wa barabarani, yote miwili, na waambieni wale wanawake waliokaa kwenye jamvi waache kunong'onezana juu ya sanda yangu, waje wanisikilize ningali na ulimi, kwa kuwa nitakayoyasema leo si ya kusemwa sikioni. Mila naijua. Najua kwamba mwenye dawa akifikia siku kama hii huwatoa watu wote chumbani, akabaki na mrithi mmoja, akamnong'oneza lile neno alilolibakiza maisha yake yote. Ndivyo bibi yangu Swaumu alivyonifanyia mimi, na ndivyo ninavyokataa kufanya. Balozi Elieza, wewe ndiye kiongozi wetu wa nyumba kumi, kaa hapo mlangoni usikie vizuri, maana shahidi asiyesikia ni sawa na shahidi aliyetangulia kaburini.

Mpo wote? Selemani, mwanangu wa kwanza. Kuluthumu, binti yangu. Minza, mke mwenzangu, usijibanze huko nyuma kama mgeni, sogea. Tulimgawana marehemu Mussa miaka ishirini na minane, hatutashindwa kugawana mkeka. Na wewe Shilinde, mwana wa Minza, najua umekuja kwa heshima ya mama yako, na kiti alichokuletea Kuluthumu umekikataa ukaegemea ukuta. Egemea tu, ukuta huo aliujenga baba yako. Tatu binti Shilinde, mjukuu wangu, njoo ukae miguuni pangu, jua la dirishani halifiki huku.

Naanza na jambo lililo mbele yetu, maana mimi nitakufa hata msiponisikiliza, ila mtoto huyu ataishi kwa kadiri mtakavyonisikiliza. Tatu amefaulu darasa la saba. Katika shule nzima wamechaguliwa watatu, yeye mmoja wao, na Jumatatu anatakiwa awe bwenini. Shilinde amesema haendi. Hoja yake naieleza mwenyewe, nimtendee haki: kwamba siku hizi shule zote zina shamba, ndiyo elimu ya kujitegemea, mwanafunzi ashike kalamu asubuhi na jembe mchana, kwamba binti yake amezaliwa na ngozi isiyo na rangi ya kumkinga, kwamba alikwisha kuungua mara moja, akiwa na umri wa miaka tisa, na aliyemuunguza yumo humu ndani. Hiyo ndiyo hoja, Shilinde? Tikisa kichwa. Vema. Sehemu mbili za kwanza ni kweli. Ya tatu ina uongo ndani yake, na uongo huo niliulea mimi, nikaunywesha uji, nikaukuza.

Msishtuke. Nipeni maji kwanza.

Kaeni mjue mafuta haya yalitoka wapi. Bibi Swaumu alitoka Unyanyembe akiwa msichana, akaufuata msafara wa pembe kwenda pwani, kichwani masufuria, nyuma ya wapagazi waliobeba frasila mbili begani na kuimba kama waliobeba pamba. Walipofika Mgunda Mkali, nchi ya siku nyingi pasipo kisima wala kivuli, wazee wa msafara waliwaamuru vijana wajipake. Walijipaka usoni, masikioni, kisogoni na mabegani, unga mwekundu wa mninga uliokorogwa kwa mafuta ya kokwa za ng'ongo na nta ya nyuki, mzito kama udongo wa kukandikia nyumba. Hawakujipaka wapendeze. Walipofika pwani watoto waliwafuata njiani wakiwazomea, "Wekundu hao! Wekundu hao!" Nao walicheka, wakanawa, na ngozi zao zilikuwa zingali miilini mwao.

Hayo aliniambia akiwa kitandani kama nilivyo mimi leo. Kabla ya hapo, miaka yote niliyomtwangia na kumchotea maji, alinifundisha mafuta mengine: yaleyale, lakini yamechujwa kwa kitambaa cha kanzu mara tatu hadi wekundu wote ubaki kwenye kitambaa, kisha yakatiwa asumini. Hayo ndiyo mafuta ya bibi harusi. Mazuri, yananukia, yanalainisha kisigino kilichopasuka. Kwa jua hayana kazi. Wekundu ndio ngao, wanangu, na sisi tuliutupa jaani pamoja na kitambaa.

Ndilo neno lililobakizwa. Usichuje. Basi! Nusu karne nimelificha neno moja ambalo hata mtoto anayeanza kusema angeweza kulitamka.

Mnaniuliza kwa nini nililificha. Kwanza kwa sababu ndivyo nilivyolikuta. Waganga wa huku hawafundishi chungu kizima. Hubakiza kitu kimoja cha kitandani, mwanafunzi asije akampiku mwalimu angali hai. Na mimi nilikuwa naiona hiyo ni hekima. Leo nawauliza: mti ukikataa kudondosha mbegu hadi siku ya kukatwa, huo una hekima gani? Wahenga walisema mficha uchi hazai, sisi tukajifanya hawakutusema.

Pili ni kwa sababu ya uso wangu. Hili ni gumu zaidi. Minza, nitazame.

Mji mzima wa Tabora ulikuwa ukisema, Bi Mwanamkuu hazeeki. Wiki ile ya uhuru nakumbuka foleni ilianzia mlangoni hapa hadi kwa muuza mkaa, kila mwanamke anataka akaione bendera mpya akiwa na uso mpya. "Shoga, tupe siri, una miaka mingapi vile?" Nami hujishika shavu na kucheka, nikisema ni mafuta, shoga, ni mafuta tu. Uongo mtupu! Uso wangu ulikuwa laini kwa sababu nilikuwa ndani. Mimi bi mkubwa, mimi mwenye biashara, nilikaa barazani kwenye kivuli na kanga yangu kichwani, na shamba la Itetemia lililotulisha sote alililima Minza. Masika yote, kiangazi chote, mtoto mgongoni. Siku moja nilimpelekea uji shambani, akanitazama akasema, "Bi mkubwa, shavu lako halijui hata mpini wa jembe una rangi gani." Nilikasirika, nikamnunia mwezi mzima. Nilikasirika kwa kuwa ilikuwa kweli. Tumepishana miaka minane, mimi ndiye mkubwa, na wageni wakija hunidhania mwanawe. Mikunjo iliyo usoni mwa Minza ilikuwa yangu, akaibeba yeye. Wala sikumpa hata kijiko cha yale mekundu, ingawa nilikwisha kuyajua, maana angejipaka akaenda nayo shambani, watu wangemuona, wangeuliza, na siri ingetoka. Minza, deni hili silipi. Sina cha kulilipia. Nalitaja tu mbele za watu ili usiende nalo peke yako.

Mnasikia anavyosema? "Mayo, mama yangu, lala, usijichoshe." Ndiyo Minza huyo. Hata leo ananionea huruma. Mimi ningekuwa yeye, ningeshangilia.

Sasa nafika kwa Kuluthumu.

Kuluthumu nilimfundisha mafuta ya bibi harusi, yaliyochujwa, nikanyamaza. Lakini binti yangu si mjinga, amezaliwa na kukulia katika mila hii, na kila mtu katika mila hii anajua kwamba lazima kuna kitu kimebakizwa. Basi alifanya nini? Alifanya lile ambalo yeyote wenu angefanya: akakitafuta. Akajaribu hiki, akajaribu kile. Wakati huo ndio mji ulikuwa umeingiliwa na wazimu wa kujichubua. Bendera yetu wenyewe juu ya mlingoti, chini yake wanawake wetu wamejipaka mavitu ya kopo waonekane kama wenye ile bendera tuliyoishusha. Asiye na kopo alijisugua ndimu. Kuluthumu akawaza, mama huwa na ndimu jikoni, labda ndiyo hiyo. Akakamulia ndimu kwenye mafuta. Na Tatu alipokuwa anakwenda kupalilia karanga kwenye shamba la pamoja la kijiji, shangazi yake akamwita, akampaka shingo na mikono kwa upendo, akamwambia, "Sasa nenda, mwanangu, jua halikuwezi."

Ndimu na jua havikai pamoja kwenye ngozi. Mkamua ndimu yeyote anayeuza barabarani anajua, viganja vyake vimebabuka. Jioni yake mtoto alikuwa ametoka malengelenge kama aliyemwagiwa maji ya moto. Hospitali, majuma matatu. Makovu ni yale mnayoyaona, yamekuwa meusi.

Na mji ukasema nini? Mji haukuuliza ndimu. Mji ulisema: wake wenza. Ulisema nyumba kubwa imemroga mtoto wa nyumba ndogo. Ulisema Kuluthumu hajajaliwa mtoto, ndiyo maana. Shilinde akasimama pale uani akaapa kwamba hatakula katika mikono ya dada yake hadi afe, na Kuluthumu akalia hadi sauti ikakauka, akawa anarudia neno moja, "Nilimpaka mafuta ya mama, nilimpaka mafuta ya mama." Akanigeukia mimi nimtetee.

Nilikuwa barazani. Chupa kumi na mbili zilikuwa zimepangwa mbele yangu. Ningefungua mdomo ningelazimika kusema: sikumfundisha yote, na haya ninayowauzieni, kwa jua hayana kazi. Nikanyamaza. Miaka mitano. Binti yangu wa tumboni amebeba jina la mchawi ili mimi nibaki na jina la mrembo. Mficha maradhi, kilio humfichua. Basi kilio ndicho hiki, nami nimekitangulia kidogo.

Shilinde, dada yako hakumuunguza mwanao. Ni mimi, kwa kunyamaza kwangu. Ukitaka kuchukia, nichukie haraka, muda ni mfupi.

Kuluthumu, usinishike mkono sasa hivi. Acha kwanza nimalize, ukinishika nitashindwa.

Sikilizeni jinsi ya kuyatengeneza, na ninyi wanawake wa mlangoni msikie, atakayesahau amuulize mwenzake. Tafuteni mzizi wa mninga uliokwisha kufa. Msiue mti mzima kwa ajili ya uso. Upondeni, usageni juu ya jiwe, kisha unga muutie kwenye maji mengi, mkoroge, mhesabu pumzi ishirini, yale makapi mazito yatazama. Maji mekundu yaliyo juu myamimine kwenye chombo kingine, myaache siku mbili yatuame; ule utope laini wa chini ndio mnaoutaka, ukaukie kivulini. Kokwa za ng'ongo zivunjwe, zitwangwe, zichemshwe, mafuta yaelee, myaengue. Nta kidogo, moto wa makaa yanayozimika. Kisha unga wote uingie, wote, mkoroge hadi mkono uchoke. Yakishakuwa mazito, ukijipaka ngozi yako isionekane, hayo ndiyo. Na ndimu ikae kwenye mchuzi.

Wala msitoke hapa mkasema Bi Mwanamkuu amesema mafuta yanashinda jua. Sikusema. Nilikuwa na kaka, Ngollo, mnamsikia tu, naye alizaliwa kama Tatu. Alichunga ng'ombe, sikio likatoka kidonda, tukampaka kila tulichojua, kidonda kikala sikio, kikala shavu, akafa hajafika miaka thelathini. Kidonda kisichopona si cha bibi, ni cha daktari, na siku hiyohiyo. Mafuta huja baada ya kofia na mkono mrefu na akili ya kukaa kivulini saa za jua la utosi. Ni ukuta wa mwisho.

Selemani. Wewe una cherehani na una ndoto. Nimeona karatasi ulizochapisha za kuuzia mafuta, zimeandikwa "Hayazeeshi," na picha yangu juu. Zichome. Usicheke, nasema zichome. Utakayemuuzia uso wangu utamuuzia kivuli nilichokalia mimi huku mwenzangu yuko juani, na hicho hakiingii kwenye chupa. Kama unataka kunirithi kweli, leo hii shona kofia ya kaki yenye ukingo wa kufika mabegani, na mashati mawili ya mikono mirefu, kola ya juu. Vipimo vyake yeye yupo hapa, mpime.

Mali yangu si nyingi. Nyumba hii ya mtaa wa Cheyo sheikh ataigawa kwa warithi kama dini inavyosema, siwezi kuipinda. Lakini theluthi ni yangu kuusia, na theluthi hiyo nampa Tatu, ambaye kwa sheria hanirithi: chumba cha mbele kinachotazama barabara. Akiwa shuleni kitatumiwa na Kuluthumu na Minza, pamoja, nasema pamoja, na mwanamke yeyote wa kijiji atakayekuja kujifunza asifukuzwe wala asifichwe kitu. Kinu na jiwe ni vya chumba hicho. Ming'ongo yangu mitatu ya Itetemia iko kwenye ardhi ambayo sasa ni ya kijiji, nami sina ugomvi. Balozi, ulinihakikishia haikatwi. Umeitika? Vizuri. Zikidondoka ng'ongo, aokote mwenye mtoto kama huyu kwanza. Mnamwita zeruzeru mkidhani mmemtaja jina. Jina lake ni Tatu, na nchi hii ikiwa ilisema kweli iliposema watu wote ni sawa, basi hakuachwa nje mtu kwa sababu ya ngozi.

Unasemaje, Shilinde? Ongea, nakusikia kwa mbali.

"Na akiungua tena, mama mkubwa?"

Swali zuri. Anaweza kuungua. Nimekwisha kuacha kuuza maneno. Lakini na mimi nakuuliza, na unijibu kama mwanamume: miaka mitano umemfungia ndani, huko ndani haungui? Anatoka alfajiri kwenda shule na kurudi mbio kama mwizi, Jumamosi nzima anawachungulia wenzake kwenye upenyo wa mlango. Hayo si malengelenge? Ukimweka nyumbani hadi aolewe, atakayemuoa atamwambia nini asubuhi ya kwanza? Atampa jembe. Shuleni atapewa jembe pia, lakini atapewa na kalamu, na mwenye kalamu siku moja hukaa kivulini bila kumweka mwenzake juani. Mwalimu mkuu ni mtu, ana masikio. Balozi ataandika barua na kupiga mhuri: huyu alime asubuhi na jioni, mchana apewe kazi ya ghalani. Huko si kukwepa kazi. Ujamaa ni kila mtu kutoa anachoweza. Hakuna aliyesikia kwamba ni kila mtu kubabuka sawasawa.

Na wewe Tatu unalia nini? Sema. Wakikucheka na uso mwekundu? Watakucheka, mwanangu, sikudanganyi. Wasichana wa bweni watakuita tofali. Wewe waambie hayo ni mafuta ya wapagazi, na mpagazi hajipaki ila ana safari ndefu. Kisha uwapite kwenye hesabu.

Nyamazeni... nyamazeni, Shilinde anasema kitu.

Rudia. Rudia kwa sauti, balozi asikie, na dada yako asikie.

"Aende. Na shangazi yake ndiye ampake."

Alhamdulillahi. Umesikia, Kuluthumu? Njoo sasa. Sasa nishike mkono. Na mwingine mpe... mpe ndugu yako. Hivyo.

Pumzi inakatika. Subirini.

Yamebaki machache. Nizikeni karibu na Bibi Swaumu, pasijengwe kitu. Minza anioshe, akikubali. Yeye ndiye anayeujua uso huu, hakuna wa kumdanganya. Karatasi za Selemani... nimekwisha kusema.

Na hili ndilo kubwa. Najua desturi, penye msiba hapaondoki mtu, safari huvunjwa, mizigo hufunguliwa hadi arobaini ipite. Msiifungue mizigo ya huyu. Jumatatu ikinikuta sandani, mtoto apande gari kwanza, ndipo mnibebe. Ikinikuta naoshwa, asiitwe kuja kuniona; mpiteni naye mlango wa uani, kofia kichwani. Atakayemzuia kwa jina langu... simsamehe. Balozi, andika. Umeandika?

Tatu. Karibu zaidi. Siwezi kupaza.

Mungu akupe macho ya kuona mbali na watu wa kukusomea kile usichokiona. Akupe kazi inayokujua. Akukinge hata mawingu yakikosekana... akupe kivuli, na moyo wa kukigawa. Nyote, nyumba kubwa, nyumba ndogo... ni nyumba. Nimewatolea radhi. Nitoleeni.

Mlango... uacheni wazi hivyo hivyo. Hawa waliosikia, wapeni uji waende... waende wakaseme.

Kuluthumu, usinipe maji tena. Anza kusaga, mama. Leo ni Ijumaa... siku mbili za kutuama... zinatosha. Zinatosha kabisa.